Kitabu cha Wateja wa Aminah

Jumanne, 1 Machi 1977

Mvua imeanza leo saa saba mchana, nikiwa sokoni Wandegeya nakagua mabucha. Nimefika nyumbani nimelowa chapachapa, na Okeny hayupo. Ni siku yake ya kukandwa.

Naandika katika daftari la ukaguzi la mwaka jana, lililobaki na kurasa nyingi tupu. Ofisini naandika Kiingereza. Mama yangu kule Gulu, anayemlea binti yetu Acayo, namwandikia Kiacholi. Kiswahili nilikikuta kwenye laini za polisi, zile nyumba za askari, baba yangu alipokuwa konstebo, na ndiyo lugha niliyojifunzia kugombana. Kwa haya ninayotaka kuandika, ndiyo inayofaa.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa kwanza mume wangu, Sajenti Okeny, alianguka kutoka kwenye lori la polisi, akaumia mgongo. Hospitali walimpa aspirini na kumwambia alale juu ya ubao. Akalala juu ya ubao wiki tatu, akawa anakwenda msalani kama mzee wa miaka themanini. Ndipo jirani yetu Koplo Ojara alipomwambia kuna mwanamke Mnubi, Wandegeya, nyuma ya duka la kuchapa, anayekanda watu migongo. Akaenda. Leo ni mara ya sita, na sasa anatembea wima.

Ningepaswa kushukuru. Mara mbili za kwanza nilishukuru.

Ijumaa, 4 Machi

Amerudi ananukia mafuta ya simsim na karafuu. Nimemuuliza huyo mwanamke ana umri gani. "Sijamuuliza," amenijibu. Saa nzima analala kifudifudi mbele ya mtu, na hajui umri wake.

Jumatatu, 7 Machi

Mzee Masinde, mkuu wetu upande wa leseni, ametukusanya wakaguzi wote wa afya. Zimetoka kanuni mpya za nyumba za kukanda mwili. Kila nyumba iwe na leseni. Mlango wa chumba usiwe na komeo kwa ndani. Pazia lisizidi nusu ya dirisha. Mkandaji avae koti jeupe, na kila mteja apate taulo safi na sabuni. Tena kuwe na kitabu cha wateja: jina, kazi, saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Mmoja wetu akauliza sabuni itatoka wapi, maana mji mzima unaogea majani ya mpapai. Tukacheka, halafu tukaacha wote kwa pamoja. Siku hizi hakuna anayetaka kuwa wa mwisho kucheka.

Masinde akauliza nani atachukua Wandegeya. Nilinyoosha mkono kabla hajafunga mdomo.

Alhamisi, 10 Machi

Nimemwona.

Nilikuwa nimejiandaa kukuta msichana. Nilivaa gauni langu la bluu, nikasuka nywele jana yake, nikaingia na mkoba wa ofisi kama askari mwenye bunduki. Nikamkuta mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mnene kiasi, jino moja la mbele limevunjika, na mikono kama ya mtu anayetwanga kila siku. Jina lake Aminah. Msichana ningemwelewa. Huyu nimeshindwa kumwelewa, na tangu nilipotoka pale moyo wangu umezidi kuwaka.

Nyumba ina vyumba viwili. Kwenye benchi la nje alikuwapo fundi cherehani mwenye shingo iliyokakamaa, na mama mmoja mwenye miguu iliyovimba. Ndani kuna kitanda cha mbao, mkeka juu yake, shuka nyeupe, na mafuta katika sufuria ndogo juu ya jiko la mkaa. Nilitafuta uchafu kama mtu anayetafuta sindano aliyoangusha. Sikuupata. Choo chake ni safi kuliko chetu cha laini.

"Kwa nini mlango una komeo?" nikamuuliza.

"Watu hulia wakikandwa, nyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Hawapendi kuonekana."

"Kanuni zinasema komeo litoke. Na pazia ulikate. Na kitabu kiwekwe."

"Kitabu cha nini?"

"Cha majina ya wateja wako."

Akapangusa mikono yake polepole. "Komeo nitatoa. Pazia nitakata. Lakini majina, wallahi, hayo siulizagi. Mimi najua migongo. Nikiuona mgongo najua nimeshaukanda au sijaukanda."

"Basi utaanza kuuliza."

"Bibi afya, miezi hii si ya kuandika majina ya watu."

Mimi nikasikia nilichotaka kusikia: ana la kuficha. Nikampa siku tatu. Nilipokuwa natoka akaniita. "Bega lako la kushoto limepanda. Unabeba kitu kizito."

"Nabeba mkoba," nikamjibu, nikaenda zangu. Sikumwambia mimi ni mke wa nani.

Ijumaa, 11 Machi

Nimemwambia Okeny tukiwa mezani, kama habari ya kawaida, kwamba Wandegeya sasa watakuwa na kitabu cha wateja. Akaliacha tonge sahanini.

"Cha majina?"

"Majina na saa."

"Min Acayo, hicho kitabu ni kibaya. Waambie wakiache."

Ananiita mama Acayo kwa Kiacholi akiwa ananibembeleza. Miezi hajaniita hivyo, na leo ameniita kwa ajili ya kitabu cha yule mwanamke. Nikamwambia asiye na la kuficha haogopi daftari.

Jumatatu, 14 Machi

Komeo limetoka. Pazia limekatwa. Kitabu hakuna. Nimeandika onyo la kwanza.

Jumatano, 16 Machi

Mvua. Sukari hakuna.

Ijumaa, 18 Machi

Onyo la pili. Nimemwambia la tatu nitafunga nyumba.

Jumanne, 22 Machi

Kitabu kimeanza. Ni daftari la shule lenye jalada la kijani, na herufi zake ni kubwakubwa kama za mtoto wa darasa la pili. Nilisoma nikiwa nimesimama, yeye akiwa ndani na mteja.

Ijumaa: Sajenti Okeny, polisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na robo. Kabla yake Koplo Ojara, polisi, nusu saa. Wapo na wengine wa kwetu, Okot wa magereza na mmoja wa posta. Wengine wote ni wapagazi wa sokoni na mafundi. Kila mtu anakandwa nusu saa, au saa moja kamili. Mume wangu peke yake ana saa moja na robo.

Ijumaa, 25 Machi

Robo saa hufanywa nini?

Jumanne, 29 Machi

Leo nimefanya kitu cha aibu. Nimesimama chini ya mabati ya duka la kuchapa, ng'ambo ya njia, mvua inamwagika, na mkoba nimeuweka kichwani. Dirisha lenye pazia nusu, nililoliamuru mimi mwenyewe, halikunionyesha kitu ila mkono wa Aminah unapanda na kushuka. Halafu nikamsikia Okeny akicheka.

Nyumbani hajacheka tangu Februari. Tangu Februari sisi watu wa kaskazini, Waacholi na Walango, tunachukuliwa na watu wa serikali, kambini, ofisini, njiani, mchana watu wakitazama. Kwenye laini yetu nyumba nne zina wake bila waume. Najua kwa nini hacheki. Tunayajua sote, hatuyasemi. Lakini kama kicheko kimebaki kimoja mwilini mwake, kwa nini akipeleke Wandegeya?

Ijumaa, 1 Aprili

Nimemuuliza wanaongea nini. "Mgongo," amesema.

"Mgongo hauchekeshi."

Amenitazama muda mrefu kama anayetaka kuniambia jambo. Kisha akachukua kofia yake akatoka, kwenda kwa Ojara. Hata Ojara anajua nisilolijua. Ni yeye aliyempeleka kule.

Jumanne, 5 Aprili

Nimekwenda kwa Masinde kumwambia nyumba ya Aminah ifungwe. Masinde ni Msamia wa Busia, mtu wa miaka hamsini na tano, mpole, mwenye kikohozi. Alivua miwani.

"Imekosa nini?"

"Mambo ya mle ndani hayaeleweki."

"Bibi Helen Anena, nisikilize. Ukikuta choo kichafu, andika choo. Ukikuta taulo chafu, andika taulo. Usiandike watu."

"Na kama vyoo ni safi?"

"Basi mpe leseni urudi nyumbani."

Jumatano, 6 Aprili

Masinde hakuja kazini, kikohozi kimemlaza. Nimepiga ripoti mwenyewe kwa mashine, nakala tatu. Nimeandika kwamba nyumba ile inakusanya polisi na watumishi wa kutoka kaskazini, na shughuli zao hazieleweki. Sentensi moja tu. Ripoti nimeipeleka juu kwa sahihi yangu. Kitabu nimekichukua kwa uchunguzi, kiko kwenye saraka ya meza yangu.

Jumamosi, 9 Aprili

Nyumba imefungwa, imepigwa lakiri. Mvua haikunyesha leo.

Jumapili, 10 Aprili. Pasaka

Okeny alivaa shati jeupe, tukaenda kanisani, tukarudi tukachinja kuku. Akaniuliza kama ni mimi niliyefunga kule. Nimesema ni kanuni. Akasema, "Mgongo utarudi tena," nami nikamwambia nitakukanda mimi. Nikamkanda kwa mafuta ya kupikia. Alivumilia. Nilihisi chini ya vidole vyangu jinsi anavyovumilia.

Jumatano, 13 Aprili

Ojara amechukuliwa.

Ilikuwa saa tisa mchana, kwenye zamu yake ya barabarani. Gari jeupe likasimama, wakashuka wawili wenye miwani ya giza, wakamwambia apande. Filimbi yake imeokotwa na muuza ndizi, ndiye aliyeileta laini. Mkewe, Alal, alikuwa anasaga simsim. Alikuja mlangoni kwangu mikono imejaa mafuta na unga wa simsim, ameishika ile filimbi. Tukaketi wote wawili sakafuni. Okeny alikuwa kazini, na mpaka aliporudi saa kumi na mbili sikujua kama nami ni mjane.

Kabla ya hapo, saa nane, Masinde alikuwa ameniita ofisini kwake akafunga mlango. Ripoti yangu imerudi, na pembeni ina mwandiko wa mtu mwingine, kwa kalamu nyekundu. Asubuhi watu wawili walikuja kutaka kitabu cha wateja. Mimi nilikuwa Bwaise nakagua visima. Masinde akawaambia kitabu anacho mkaguzi, na mkaguzi yuko nje ya mji, warudi Ijumaa saa nne.

"Nilikuambia vyoo," akasema. Hakunigombeza zaidi ya hapo.

Sasa niseme ukweli, maana hata hapa nimedanganya. Niliandika kwamba ilikuwa sentensi moja. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilionekana tupu, kama umbea wa sokoni, nikataka kuipa mfano. Jina la mume wangu lisingeweza kuandikwa. Nikaandika: kwa mfano, Koplo Ojara wa polisi. Nilikuwa nimemkasirikia kwa kumpeleka Okeny kule. Hiyo ndiyo sababu yote. Sina nyingine.

Alhamisi, 14 Aprili

Nimeomba ruhusa ya ugonjwa. Asubuhi nilipita dukani nikanunua daftari lenye jalada la kijani kama lile, na kalamu mbili za wino tofauti, nikaenda nyuma ya nyumba iliyofungwa, kwenye chumba anacholala Aminah. Mvua ilikuwa ya kumwagika. Alifungua mlango akanitazama.

"Ingia, Min Acayo," akasema.

Kumbe alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, maana Okeny hubeba picha yangu kwenye pochi.

Nikamwambia watu wanakitaka kitabu kesho saa nne, na kwamba kitabu kisipoonekana watamtafuta yeye, na kikionekana kama kilivyo watakwisha wote waliomo. Tukiandike upya. Mwandiko uwe wake, majina yawe ya uongo. Hakuuliza kwa nini nasaidia. Alitandika mkeka, tukaketi, mimi nikishika kitabu cha kweli na yeye akiandika cha uongo.

Kurasa za kwanza zilikwenda upesi. Mpagazi akabaki mpagazi. Okot wa magereza akawa fundi baiskeli. Tulipofika Ijumaa ya tarehe kumi na nane, kwenye saa moja na robo, kidole changu kikasimama.

"Hiyo robo ilikuwa ya nini?"

"Alikuwa amelala. Mimi simwamshi mtu aliyepata usingizi. Alisema nyumbani halali."

"Kwa nini halali nyumbani?"

"Alisema akishtuka usingizini unamuuliza ameota nani."

Ni kweli, huwa namuuliza. Nikamsomea mstari uliofuata, akaandika fundi cherehani.

"Na tarehe ishirini na tisa? Siku hiyo alicheka. Nilimsikia."

Akafikiri. "Nilimwambia habari za bibi yangu, aliyenifundisha kukanda. Alikuwa akimkanda ofisa mmoja wa Kizungu, akamvunjia mbavu. Okeny aliicheka hiyo."

"Tu?"

"Tu."

Tukaandika. Maji yalikuwa yanaingia chini ya mlango, tukasogeza mkeka. Nilikuwa na swali moja ambalo nilikuja nalo tangu Machi, na nilijua nikiondoka bila kuliuliza litanila.

"Alikushika?"

Aminah akaweka kalamu chini. "Mara moja alinishika mkono, akalia. Sikuuondoa mkono wangu. Ungependa nikuambie hapana, ningeweza. Lakini unaniuliza mimi nikiwa naandika uongo kurasa kumi, angalau hilo moja liwe kweli. Ukitaka kunichukia kwa hilo, nichukie. Ila tumalize ukurasa."

Nilimchukia. Nikamalizia naye ukurasa.

Kisha akaniambia lililobaki. Kaka yake, Fadhul, anaendesha lori la mizigo kwenda Busia, mpakani na Kenya, kila Jumamosi. Ilikuwa imepangwa Okeny na Ojara wavuke pamoja, tangu mwanzo wa mwezi. Ojara alikuwa tayari. Aliyekuwa anachelewesha ni Okeny.

"Alikuwa anangoja nini?"

"Namna ya kukuambia. Alisema wewe ukijua jambo hulali mpaka ulipeleke mwisho wake."

Kama angeniambia, nisingeandika. Kama nisingeandika, wangevuka wote wawili. Nilitaka kumlaumu Okeny, na kwa muda kidogo niliweza.

Sikumwambia Aminah kuhusu sentensi ya pili. Yeye anadhani Ojara amechukuliwa kama walivyochukuliwa wengine. Kitabu cha kweli tulikichana vipande tukakitumbukiza chooni.

Ijumaa, 15 Aprili

Walikuja saa nne na nusu. Mmoja mrefu, mmoja mnene. Yule mnene alikaa juu ya meza yangu akafungua daftari.

"Polisi iko wapi hapa? Mimi naona fundi, fundi, fundi."

"Ni watu wa migongo, afande. Wachukuzi na mafundi."

"Wewe liandika polisi. Hii karatasi, hii sahihi yako?"

Masinde alikuwa mlangoni, hakohoi, hapumui. Nikaona kwamba uongo wote niliokuwa nimeuandaa hautoshi, na kilichobaki ni ukweli.

"Nilikuwa na ugomvi na yule mwanamke, afande. Mambo ya mwanamume. Nikaandika kwa hasira, nipate kumfunga."

Akanitazama usoni, kisha kifuani, kisha akaanza kucheka. Akamtafsiria mwenzake kwa lugha yao, naye akacheka mpaka akavua miwani kupangusa macho. "Wivu!" akasema. "Mwanamke huyu nasumbua serikali kwa wivu!" Wakachukua daftari, wakanipiga begani, wakaondoka. Hakuuliza ni mwanamume gani. Nilikuwa nimeshaandaa jina.

Nilimfuata yule mnene hadi kwenye ngazi. "Na Koplo Ojara, afande? Hata yeye nilimwandika kwa wivu. Hana kosa."

Aliacha kucheka. "Huyo si kazi yako tena," akasema.

Jumamosi, 16 Aprili

Okeny ameondoka saa moja asubuhi, amevaa kaptula ya turniboi, ameketi juu ya magunia ya Fadhul kama utingo yeyote wa lori. Jana nilimwambia najua kila kitu. Hakushangaa, alikaa tu kitandani kama mtu aliyetuliwa mzigo. Sikumwambia yote. Alikuwa anaondoka, na nilitaka aondoke akiwa wangu.

Tuliagana ndani, mlango ukiwa wazi kama siku yoyote. Alinishika uso. Kisha akasema, "Mshukuru Aminah."

Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa na jina la yule mwanamke ndani.

Jumatano, 20 Aprili

Wamekuja kumuulizia Okeny. Nimelia kama wake wengine, nikasema alikwenda kazini hakurudi. Machozi sikuyatafuta. Nimepewa mpaka mwisho wa Mei niondoke laini.

Jumapili, 24 Aprili

Mvua. Maji ya Bwaise yamefika madirishani.

Jumatatu, 2 Mei

Alal amezunguka kambi tatu na mochari mbili. Hakuna aliyemwonyesha kitu. Jioni wanawake wa laini tulikuwa kwake, tunakunywa chai ya maji matupu. Mmoja akasema kilichowamaliza wanaume ni yule Mnubi wa Wandegeya. Mnubi ni mtu wa serikali, akasema, aliwaweka juu ya mkeka wakamwambia kila kitu, akawauza. Alal akaitikia kwa kichwa. "Ojara alikuwa akimsifu," akasema. "Alinisifia yule mwanamke humu humu ndani."

Nilinyamaza. Naandika nilichohisi, maana hakuna atakayesoma: nilihisi utamu. Kwa mara ya kwanza tangu Februari niliona wanawake wote wa laini wakimchukia ninayemchukia.

Jumatatu, 9 Mei

Wamempiga mawe Aminah akitoka sokoni. Fadhul amemchukua kumpeleka Bombo kwa ndugu zao. Nimepita pale kwa kazi. Dirisha limevunjwa, kitanda cha mbao kimeibwa.

Jumatano, 18 Mei

Manyunyu tu. Mahindi ya uani yamekomaa na hakuna wa kula nami.

Jumatatu, 23 Mei

Masinde alikwenda kwao Busia kuzika shangazi, amerudi na barua ndani ya soksi. Okeny yuko Kenya, mzima, anabeba saruji kwa Mhindi mmoja. Ameandika hivi:

"Min Acayo. Mgongo unauma lakini nimefika. Huku tuliovuka tunasikia kwamba Aminah ndiye aliyemuuza Ojara. Mimi sikutaka kuamini, ila wote wanasema. Wewe ulikuwa ofisini, unaujua ukweli. Kama ni yeye niambie, nimtoe moyoni. Okeny."

Nimeisoma mara nyingi. Nimtoe moyoni. Kwa hiyo yumo.

Jumanne, 24 Mei

Sijajibu.

Alhamisi, 26 Mei

Nimeandika "Ni yeye." Maneno mawili. Akiyasoma atamchukia mpaka kufa, nami nitakuwa peke yangu katika moyo ule kama nilivyokuwa siku ya harusi. Aminah yuko Bombo, hatajua. Alal hatajua. Masinde anajua, lakini Masinde hasemi.

Nimeichana. Nimeiandika tena.

Ijumaa, 27 Mei

Iko kwenye mkoba. Masinde ameniuliza kama kuna jibu, maana kuna mtu wake anakwenda Jumanne. Nimemwambia bado.

Jumapili, 29 Mei

Leo nimekwenda kwa Alal. Nilimkuta anafunga vyombo kwenye gunia, naye anatolewa laini kama mimi. Sare ya Ojara ilikuwa imekunjwa juu ya kiti. Nikamwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu ningeketi nisingesema. Nikamwambia Aminah hakumuuza mtu, alikuwa amewapangia lori. Aliyeandika ni mimi.

Aliendelea kufunga kamba ya gunia. "Ulimwandika kwa jina?"

"Kwa jina."

"Lake peke yake?"

"Lake peke yake."

"Okeny naye alikuwa akienda kule."

"Alikuwa akienda."

"Mbona hukuandika lake?"

"Ni mume wangu."

Akanyanyua kichwa akanitazama, na nikaona kwamba sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo mpaka nilipolisema mbele yake. Hakunipiga. Nilitamani anipige. Alinyoosha mkono kuelekea mlangoni, nikatoka, akafunga. Nilikuwa bado kizingitini aliposema kutoka ndani:

"Okeny anajua?"

"Ameniuliza kwa barua."

"Mwandikie. Ulete niisome kabla haijaondoka."

Jumanne, 31 Mei

Kumekucha jua kali, barabara ya laini imeanza kutoa vumbi. Nimeandika barua jana, nimeandika mara moja, sikuchana. Nainakili hapa, nikimwita baba Acayo kwa Kiacholi:

"Won Acayo. Si Aminah. Ni mimi. Niliandika ripoti kwa wivu, nikamtaja Ojara ili nisikutaje wewe. Aminah aliandika upya kitabu kizima kwa mkono wake ili wewe upite. Wanawake wa laini wamempiga mawe kwa kosa langu, nami nilikuwa najua, nikanyamaza. Usimtoe moyoni kwa ajili yangu. Mimi nakwenda Gulu kwa mtoto. Ukitaka kuniandikia, andika huko. Usipotaka, nitaelewa. Anena."

Nimempelekea Alal asubuhi. Alisoma akiwa ameegemea mlango, midomo ikitembea. Akasoma tena. Kisha akaniomba kalamu. Nilidhani anataka kufuta kitu, au kuongeza tusi, na nilikuwa tayari kwa lolote. Chini ya jina langu akaandika, kwa herufi za kukaza: Koplo Ojara, mume wa Alal, alichukuliwa tarehe 13 Aprili, saa tisa mchana. Akakunja karatasi, akanirudishia bila kunitazama.

Saa nne nimemkabidhi Masinde, ampe mtu wake. Ameitia ndani ya soksi.